Kimya cha Yasmin, Kimya cha Aisha



Wikiendi hii nilitazama filamu mbili za kwetu. Ijumaa baada ya isha ilikuwa Vuta N'kuvute, Jumamosi Aisha. Nilikuwa Tanga kwa shangazi yangu, na tulikuwa wanawake sita sebuleni, wa umri mbalimbali, kwa hiyo maoni hayakukosekana.

Vuta N'kuvute wengi mnaijua kwa riwaya ya Adam Shafi, ile tuliyosomeshwa kidato cha tano na sita. Amil Shivji aliitengeneza filamu mwaka 2021, na mwaka uliofuata Tanzania ikaipeleka kwenye mashindano ya Oscar. Ni Unguja ya miaka ya 1950, Mwingereza bado anatawala. Yasmin, binti wa Kihindi, anaikimbia ndoa na mume mzee asiyempenda, anapata hifadhi kwa Mwajuma, kisha anakutana na Denge, kijana wa harakati za uhuru. Picha ni nzuri mno. Mwajuma ameigizwa na Siti Amina, mwimbaji wa taarabu kweli kweli, na kila akitokea sebule yetu ilichangamka.

Niseme wazi: mapenzi ya Yasmin na Denge nje ya ndoa siyaungi mkono, na kuna sehemu tulizipitisha haraka. Ila shangazi alipouliza, "Sasa huyu mtoto alitaka afanye nini?" nilikuwa na la kumjibu. Dini ilishamfungulia mlango. Mke wa Thabit bin Qays alikwenda kwa Mtume (SAW) akasema hana lawama juu ya tabia wala dini ya mumewe, ila hawezi kuendelea kuishi naye. Aliambiwa arudishe bustani aliyopewa mahari, na ndoa ikaisha. Hiyo ndiyo khului. Kuna mabinti wangapi wanaoingia ndoani wakijua kupaka hina na kufukiza udi, na neno hili hawajawahi kulisikia?

Na kabla ya khului kuna idhini. Khansa bint Khidham, mwanamke aliyewahi kuolewa, aliozwa na baba yake bila ridhaa yake, Mtume akaivunja ndoa ile. Bikira naye huombwa idhini, na kimya chake huhesabiwa kuwa amekubali. Hapa ndipo watu wetu wanapopumzikia. Binti kanyamaza, basi yuko radhi! Lakini kimya cha haya na kimya cha woga havifanani, na mama aliyemlea anavitofautisha hata gizani. Najua wako watakaonitajia wali mujbir wa madhehebu yetu ya Shafi. Haki hiyo ni ya baba na babu mzaa baba tu, tena kwa masharti. Ami na kaka hawamo.

Aisha ilitukuta tumekaa karibu zaidi na kwetu, maana ilipigwa Pangani, mwendo mfupi tu kutoka Tanga mjini. Ni ya mwaka 2015, imeongozwa na Chande Omar chini ya shirika la UZIKWASA la huko huko Pangani, lile lenye Pangani FM. Godliver Gordian ni Aisha, mke wa mtu na mfanyabiashara wa mjini, anayerudi kijijini kwenye harusi ya mdogo wake. Anabakwa. Kinachofuata ni kutafuta haki mahali ambapo kila mtu anamjua kila mtu.

Sebule ilinyamaza. Hakuna aliyekwenda kuchukua chai. Kilichoniuma ni jinsi watu wa filamu ile walivyofanana na watu wema ninaowajua, wale wanaosema "tusitiri." Sitara ni neno zuri katika dini yetu. Unamsitiri aliyeteleza akatubu, unamsitiri mwari na siri za chumba chake. Kumficha mbakaji si sitara. Qur'ani imekataza kuficha ushahidi, na anayeumia kwa kimya kile ni yule yule aliyekwisha kuumizwa. Sheria ya makosa ya kujamiiana ya Tanzania Bara ya mwaka 1998 inampa mbakaji wa mtu mzima kifungo kisichopungua miaka 30. Sheria hiyo haifanyi kazi ikiwa wazee wamekwisha kukaa kikao, wakapokea fidia.

Masomo na makungwi wanawafunda wari kufunga mdomo, na mengi wanayofunda ni hekima. Nawaomba waongeze haya: ukidhuriwa, usioge kwanza, nenda hospitali kabla ya saa 72 kupita ili upewe dawa za kuzuia Virusi vya UKIMWI, na ulizia dawati la jinsia na watoto kituo cha polisi. Shangazi, ambaye amefunda wari wengi, alisema hayo hayakuwemo katika mafundo aliyofundwa yeye.

Kama mtazitazama, anzeni na Vuta N'kuvute, ina muziki na kucheka kidogo. Aisha ni nzito. Wewe uliyewahi kupitia jambo kama lile, usiitazame peke yako, na si lazima uimalize.