Siri ya Jani la Kijani

Wahenga walilonga kuwa uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Ndivyo lilivyo shamba lililoshikwa na kiu. Kwa siku kadhaa mahindi huendelea kuvaa kijani chake, ilhali ndani ya jani kazi ya kujitengenezea chakula imekwisha kufifia. Mkulima apitapo kandokando huridhika. Rangi inapogeuka, maji yamekwisha kumwagika, nayo hayazoleki.

Hata hivyo, jani lina kauli yake. Nuru inayonaswa na umbijani hufuata njia tatu: sehemu hutumika katika usanisinuru, sehemu hutoka kama joto, na sehemu ndogo mno, yapata asilimia 1 au 2, hurudishwa nje kama mmemeto mwekundu. Mnamo mwaka 1834, David Brewster wa Uskoti aliueleza wekundu huo baada ya kupitisha miali ya jua katika pombe iliyolowekewa majani. Mwaka 1931, Kautsky na Hirsch wa Ujerumani wakauhusisha na usanisinuru wenyewe.

Mchana jicho haliuoni mmemeto huo, kwani jua huufunika kama ngoma ifunikavyo mnong'ono. Lakini nuru ya jua ikichambuliwa huwa na mistari myembamba ya giza, na humo ndimo mnong'ono wa jani usikikamo. Kwa hila hiyo, setilaiti ya Japani iitwayo GOSAT, iliyorushwa mwaka 2009 kupima gesi zinazoongeza joto duniani, iliwawezesha wataalamu kuchora ramani za kwanza za mmemeto wa dunia nzima mwaka 2011. Utafiti wa mwaka 2014 ulidhihirisha kuwa ukanda wa mahindi wa Marekani, msimu unapokolea, humemeta kuishinda hata misitu ya Amazon.

Kasoro haikosi. GOSAT hutazama kwa mara moja duara la upana wa kilomita 10 hivi; robo ekari ya mjane humezwa humo isionekane. Isitoshe, mmemeto ukipungua hautaji sababu: huenda ni ukame, huenda ni maradhi. Lazima mtu ashuke shambani akague.

Naye atakayeshuka atahitaji lugha. Kiswahili kimekwisha kuzaa umbijani na usanisinuru. Elimu hii ya kulipima jani kutoka angani ingali inabisha hodi. Isipofunguliwa mlango, habari ya jani itazunguka dunia nzima pasi na kumfikia mwenye jembe.