Tulipoukimbilia Mwembe

Wahenga walisema mtaka cha mvunguni sharti ainame. Kwa methali hiyo niliwalaumu wanachuo wenzangu walioikwepa maktaba. Tulisomea stashahada katika chuo kisicho mbali na kwetu Namboboto, Kaunti ya Busia. Vitabu vilikuwapo, ila chumba hakikuwa na dari, na rafu ziliziba madirisha. Adhuhuri mabati yalitutokosa. Masika mvua iliyapiga hata nikawa nasoma sentensi moja mara tatu.

Siku moja nami nilishindwa. Nilitoka na *Kusadikika* ya Shaaban Robert, nikaimaliza chini ya mwembe kwa siku mbili. Hapo nikatambua kuwa niliowaita wavivu walikuwa wakitafuta pa kusomea. Lakini mwembe haukingi mvua, na mitihani yetu iliangukia masika. Mwenzangu mmoja, ambaye kwao hakukuwa na taa, hakufaulu.

Sisemi tungejengewa maktaba kama ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, iliyozinduliwa mwaka 2018, yenye nafasi ya wasomaji 2,100 kwa wakati mmoja. Dari na dirisha vingetosha. Msomaji na ainame, naam. Lakini mvungu nao uwe unaingilika.