Mawaridi ya Jabal al-Akhdar

Marashi tunayorashiwa katika maulidi na harusi, na yatiwayo katika halua, wengi wetu twayajua kwa harufu tu, wala hatujui yatokako. Mojawapo ya makao yake ni Omani, katika Jabal al-Akhdar, maana yake Mlima wa Kijani.

Msafiri huanza kuupanda mlima huo kutoka Birkat al-Mauz, mji wa mitende na wa falaj ya al-Khatmein, mfereji uliotiwa na UNESCO katika urithi wa ulimwengu mwaka 2006. Kutoka hapo njia hupanda kwa ukali hata uwanda wa Saiq, ulio karibu mita 2,000 juu ya bahari. Huko, usiku wa majira ya baridi, maji huweza kuganda. Ukingoni mwa bonde vipo vijiji vya al-Ayn, al-Aqr na ash-Shurayjah, na chini yao makonde yaliyokatwa kama ngazi, yakazuiwa kwa kuta za mawe, na kunyweshwa kwa falaj.

Baridi hiyo ndiyo siri ya mwaridi. Mche wake hutiwa ardhini wakati mti umelala, kabla machipukizi hayajafumbuka, ili mizizi ishike kwanza. Anayengoja mpaka aone maua kwa jirani ndipo apande, amekwisha chelewa. Maua hutoka mara moja tu kwa mwaka, tangu mwisho wa Machi hata katikati ya Mei. Huchumwa alfajiri kabla ya jua kali, kwani joto huiondoa harufu. Kisha hutiwa chunguni juu ya moto, na juu yake huwekwa chombo cha maji baridi. Mvuke ukikigusa hugeuka matone, nayo ndiyo marashi.

Sasa yataka tujiulize: mkulima huyu Mwislamu aujuaje wakati wake? Hawezi kuufuata mwezi mwandamo. Mwaka wetu wa Hijra ni mfupi kuliko mwaka wa jua kwa siku kama 11. Lau angepanda kila Rajabu, baada ya miaka 16 angejikuta anapanda katikati ya joto. Kwa hiyo funga na Hija yake huzihesabu kwa mwezi, na kilimo chake kwa jua na nyota. Wazee wetu wa Pwani nao walifanya hivyo: Ramadhani waliitazama kwa mwezi, na kilimo na safari za baharini wakazihesabu kwa Nairuzi, mwaka wa siku 365, kumi kumi. Hapana ugomvi baina ya hesabu hizi mbili. Qurani yatufundisha kwamba jua na mwezi vyote huenda kwa hesabu aliyoipanga Mwenyezi Mungu.

Walakini hesabu ya jua peke yake haitoshi siku hizi. Wataalamu waliopima hali ya hewa ya mlima huo waliona kwamba saa za baridi, ambazo miti yake ya matunda huzihitaji kabla ya kuchanua, zilikuwa zikipungua tangu miaka ya 1980. Basi mkulima hana budi kuyatazama machipukizi yenyewe, wala si tarehe tu.

Enyi wazazi, sisi hatuna majira ya baridi kama hayo. Wakati wetu wa kupanda huja na masika na vuli. Lakini funzo ni lile lile. Shimo lichimbwe na mbolea itiwe kabla mvua haijanyesha, uwe mche wa asumini au wa mwaridi. Watoto na washike jembe pamoja nanyi, wajifunze kuutazama mwezi kwa ibada yao na mawingu kwa shamba lao. Bwana Mtume (s.a.w.) ametufundisha kwamba hata Kiyama kikisimama na mtu ana mche mkononi, akiweza kuupanda, na aupande. Mwenyezi Mungu atujaalie kuzitambua nyakati zetu kabla hazijapita. Amin.