Mshindani ni Nani?

Mwaka mmoja tulikwenda kukagua mazoezi ya kufundisha katika shule moja ya milimani, juu ya Soni, wilayani Lushoto. Ukungu ulikuwa haujaondoka madirishani. Mwanachuo wetu alikuwa ameandaa mashindano ya hesabu za kichwa. Alitaja majina matano, kisha akasema, "Washindani wasimame." Wanne walisimama. Wa tano, msichana mdogo, alibaki ameketi. Alipoulizwa sababu, alijibu kwa sauti ya chini, "Mimi si mshindani, mwalimu. Mimi sibishani na mtu."

Darasa lilicheka, nasi tukacheka. Tena tukaandika katika fomu kwamba mwalimu ametumia neno lililowazidi wanafunzi, tukampunguzia alama.

Usiku tulifungua kamusi. Mshindani ni mtu aingiaye katika mashindano; lakini pia ni mpinzani, mtu mbishi asiyekubali neno la mwenziwe. Watoto wengi wa milima ya Usambara huanza shule wakiwa na Kisambaa, na Kiswahili huwafikia kwanza kwa vinywa vya wakubwa, mara nyingi katika makaripio. Basi yule msichana alilijua neno vizuri sana. Alikuwa anakataa tusi. Wasioelewa tulikuwa sisi.

Na tazameni asili yake. Shinda huzaa mshindi, na pia mshinde, yaani aliyeshindwa. Hao wawili hujulikana mwisho wa mchezo. Mshindani hutoka katika shindana, kauli ya kutendana, naye hujulikana tangu mwanzo, kabla hajapata wala kukosa. Hawezi kuwa mshindani peke yake. Lazima awepo mwenziwe. Wahenga walisema asiyekubali kushindwa si mshindani, na hapo walikuwa wanamtenga na yule mbishi wa maana ya pili.

Mwanachuo tulimpa mfano wa kutumia. Tarehe 20 Oktoba, 1968, katika mbio za marathoni za Olimpiki mjini Mexico, wakimbiaji 75 walianza. Mshindi alikuwa Mamo Wolde wa Ethiopia. John Stephen Akhwari wa Tanzania alianguka njiani akaumia goti, lakini aliendelea, akafika zaidi ya saa moja baada ya Wolde, wa 57 na wa mwisho. Waulizeni watoto: huyu tumwite nani? Msiwaharakishe. Wengine watasema mshinde, na wana haki ya kusema hivyo; waulizeni basi juu ya wale 18 ambao hawakumaliza.

Kesho yake mwanachuo alieleza neno kwanza, ndipo akauliza nani anataka kushindana. Yule msichana alisimama. Alipata hesabu tatu katika kumi, akaketi. Tulitaka kuisahihisha fomu ile, lakini ilikuwa imekwisha kupelekwa.