Mjomba Alipodaiwa Kilo 116

Mimi ni mtu wa riwaya. Nilipomaliza kidato cha nne nilirudi nyumbani Kayanga na madaftari matatu ya hadithi ambayo hadi leo haijaona sura ya mwisho. Kwenye kompyuta niliingia kwa mlango wa uani. Binamu yangu alipata kazi upande wa Kyerwa, akanifundisha lugha ya Python usiku usiku ili nimsaidie.

Kazi yenyewe: chama kimoja cha msingi kilitaka mapokezi ya kahawa yaandikwe kwenye kompyuta. Tukagawana. Mimi nitunge maktaba, yaani lile fungu la programu linalopiga hesabu na kutunza kumbukumbu. Yeye atengeneze kurasa ambazo karani atazigusa. Kati yetu ulibaki mlango mmoja tu, zile amri ambazo maktaba yangu inazielewa. Wenyewe wanauita API. Nikajiona mjanja, nikatunga amri fupi:

pokea(147, 2, 118)

Namba ya mkulima, magunia, kilo. Maktaba itoe kilo moja kwa kila gunia, zibaki kilo 116. Rahisi, au siyo?

Siku ya majaribio Mjomba alikuwa wa kwanza kwenye foleni. Msimu huo alikuwa amekataa butura. Kwa wasiotoka kwetu, butura ni kuuza kahawa ingali maua, au mbichi mtini, kwa bei ya mtu mwenye shida. Inapigwa marufuku miaka nenda rudi, lakini ada ya shule haisubiri maganda yakauke. Mjomba alisubiri. Aliyaanika, akayageuza, akakopa chumvi dukani, akafika kwenye mzani na magunia yake mawili. Kompyuta yetu ikaandika: -116.

“Yaani mimi ndiye nadaiwa?” akauliza. Hakuna aliyecheka.

Binamu alidhani kilo ndizo zinazotangulia. Kwa hiyo Mjomba aliandikwa kaleta magunia 118 yenye kilo mbili, na programu haikuona ajabu yoyote. Tukaanza kubishana palepale mbele ya wazee. Nikamwambia asome maelekezo. Akanijibu, “Bwana wee, namba tatu uchi namna hii, nitajuaje ipi ni ipi?”

Dada karani hakubishana na mtu. Alifungua daftari lake la karatasi, ambalo kwa bahati hakuwa ameliacha, akasoma huku akifuatisha kwa kidole: “Mkulima 147 ameleta maganda, kilo 118, toa magunia mawili.” Mjomba akashusha pumzi.

Sentensi ile ilinifuata hadi nyumbani. Mimi ninayejiita mwandishi nilikuwa nimeandika kitu kisichosomeka, na karani alikuwa na sentensi safi tangu zamani. Usiku ule nikaivunja amri yangu, nikafuata mdomo wake:

mkulima(147).ameleta("maganda").kilo(118).toa_magunia(2).andika()

Kila namba sasa inatembea na jina lake. Ukianza na magunia ukamalizia na kilo, hesabu haibadiliki. Baadaye nilijua kwamba mtindo huu una jina: Martin Fowler na Eric Evans waliubatiza mwaka 2005, jina ambalo kwa Kiswahili ningelisema kiolesura fasaha. Kwetu si jambo geni sana. “Nitamwandikia” ni neno moja, na ndani yake yupo mtendaji, wakati, na anayeandikiwa. Tena wapo vijana waliotengeneza lugha nzima ya kompyuta kwa Kiswahili, Nuru, ambayo masharti yake yanaandikwa kwa “kama” na “sivyo”.

Binamu hakulegea. Alisema Python inaruhusu kutaja majina ndani ya mabano, kilo=118, magunia=2, basi yote hayo ya nini? Ni kweli, na ingenipunguzia mistari mingi. Lakini jibu langu lilikuwa Dada karani: mstari wa mabano ungemfaa Binamu peke yake, na mimi nilitaka hata yeye aweze kuukagua.

Hata hivyo utamu wa maneno ulinizuga. Siku ya pili Binamu alisahau .andika() mwishoni mwa mstari mmoja. Hakuna kosa lililotokea, hakuna onyo. Sentensi ilisomeka vizuri kabisa, na haikutunza chochote. Hilo lilinitisha kuliko ile -116, maana -116 angalau inapiga kelele.

Basi nikakihamisha kitenzi mbele:

andika(mkulima(147).ameleta("maganda").kilo(118).toa_magunia(2))

Mtu akikisahau, mstari unabaki hauna kichwa, jicho linaona. Na kilo zisipotajwa, andika inagoma na kusema kwa Kiswahili: “Hujataja kilo.”

Nilimpelekea Dada karani mstari huo kwenye karatasi kabla ya kumwonyesha Binamu. Akausoma taratibu, akaruka nukta na mabano kama mtu anayeruka madimbwi. Halafu akaniuliza, “Mdogo wangu, na gunia likiwa limelowa, tunatoa kilo ngapi?”

Sikuwa nimeliwazia hilo. Nikatoa kalamu.