Nilivyounganisha simu na TV ya bibi

Jamani wadau, samahanini kwa ukimya. Nilikuwa Tanga wiki nzima, nimerudi jana usiku. Sasa hivi mwenzangu wa chumbani amelala, hosteli imetulia, ngoja niandike kabla sijasahau.

Kwa wasiojua, bibi yangu mzaa baba ana mtoto wa jicho. La kulia linaona mwanga tu, la kushoto linajikongoja. Daktari alishamweleza kwamba ile lenzi yenye ukungu inatolewa, inawekwa ya bandia, na wengi wanarudi nyumbani siku hiyo hiyo. Hataki. Anasema jicho halichezewi.

Sasa shangazi yuko Uingereza mwaka wa sita, anatunza wazee wa watu huko, na kila Ijumaa anapiga simu ya video. Bibi anaishika simu, anaisogeza mpaka puani, kisha anairudisha. "Sauti ndiyo yake. Sura sijui." Idi iliyopita aliniuliza taratibu, wengine wasisikie, eti shangazi bado ana mwanya? Hilo swali nilirudi nalo chuo.

Sebuleni kuna TV ya inchi 32, si ya intaneti, ila ina tundu la HDMI. Akikaa karibu nayo anawatambua wasomaji wa habari. Nikasema basi, dawa ipo. Bumu lilipoingia nikapita Kariakoo, nikanunua waya wa USB-C kwenda HDMI, elfu ishirini na tano. Muuzaji akaniapia unakubali simu yoyote. Asubuhi nikapanda basi pale Mbezi.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mume wangu. Mbona umekonda, huko chuo hamli?"

Nikachomeka waya. TV ikabaki nyeusi. Nikabadilisha HDMI 1, HDMI 2, nikazima nikawasha, wapi! Usiku nikakaa na simu kusoma, ndio nikajua nilivyopigwa. Tundu la USB-C ni umbo tu. Simu nyingine ndani yake zina njia ya kupitisha picha, inaitwa DisplayPort, nyingine zina chaji na data basi, na simu nyingi za bei yetu ni hizo za pili. Zamani kulikuwa na MHL, ilianza 2010, ikitumia lile tundu la micro-USB, lakini simu za siku hizi zimeachana nayo. Kwa hiyo mdau, kabla hujatoa hela angalia sifa za simu yako. Ukikuta imeandikwa USB 2.0 peke yake, huo waya mwachie mwenyewe.

Kesho yake nikaenda Ngamiani kwa fundi mmoja mzee. Hakuniapia kitu. Alichukua simu yangu, akaingia kwenye mipangilio, akatafuta kama ina sehemu ya kurusha skrini bila waya, ndipo akanitolea kidude cha Miracast. Unakichomeka kwenye HDMI na simu inakifuata kwa Wi-Fi moja kwa moja, huhitaji ruta wala bando (bando ni la ile simu ya video yenyewe). Si kila simu inakubali lakini. Pixel za Google, kwa mfano, hazina Miracast.

Kikawaka. Baada ya dakika mbili kikazima. Kikawaka tena, kikazima. Nilikaribia kulia. Kumbe nilikuwa nimekipa umeme kutoka tundu la USB la TV, na matundu mengi ya aina hiyo hutoa nusu ampia tu. Nikakihamishia kwenye chaja ya simu ukutani, kikatulia.

Ijumaa ikafika. Shangazi akatokea kwenye TV, mstari mwembamba katikati na giza huku na huku, kwa sababu simu ilikuwa imesimama. Sauti ilibaki kwenye simu, na picha inachelewa kidogo, kwa hiyo mdomo na maneno haviendi pamoja, kama filamu iliyotiwa sauti Kiswahili. Halafu bibi anatazama TV wakati kamera iko mkononi mwangu upande wa pili.

"Mama, mbona unanipa sikio?"

Tulicheka sana. Nikaiegemeza simu mbele ya TV, chini ya skrini, nikaigeuza ilale, na shangazi naye akailaza yake. Hapo sura ikajaa TV nzima.

Bibi akasogeza kigoda. Akanyamaza. Kisha akasema, "Mwanya upo." Shangazi akacheka, mwanya ukaonekana vizuri zaidi.

Ila bibi hakuacha kutazama. "Mbona mifupa ya shingo imetoka hivyo?"

"Ni TV tu mama, inarefusha watu."

Na mimi nilikuwa nimeona. Kwenye simu yangu nimemtazama kila wiki na sikuwahi kuona. Macho yamezama, na ile kanga alikuwa ameizungusha shingoni kama mtu anayeficha kitu. Nikanyamaza.

Usiku bibi akaniita chumbani. "Mume wangu, TV ile inarefusha watu?"

Nilitamani kusema ndiyo. Nikasema, "Hapana bibi."

Hakuniuliza zaidi. Asubuhi wakati nafunga begi akaniuliza Bombo siku ya macho ni lini. Yaani mwanamke aliyegombana na familia nzima miaka miwili! Baba anakwenda kuuliza Jumatatu.

Kidude nimekiacha kule, na binamu yangu wa kidato cha pili ameshajua kukitumia, simu yake inakubali.

Jana nikiwa bado kwenye basi, tumeshapita Chalinze, ukaingia ujumbe wa shangazi. Kaandika, "Ijumaa ijayo tupige ya sauti tu. Mwambie bibi mtandao wa huku mbaya."

Sijamjibu. Ameshaona kwamba nimeusoma. Kesho saa moja asubuhi nina test na sijafungua daftari.