Kati ya Kliniki na Geti la Kazi

Katika miaka ya tisini, mtu wa mtaa wa Jericho, Nairobi, aliyeshikwa na homa alitibiwa karibu na kwake. Zahanati za Baraza la Jiji zilikuwepo Jericho, Makadara na Bahati; ulienda kwa miguu, ukapanga foleni, ukarudi na dawa kama zipo. Macho hayakuwa hivyo. Ukilalamikia jicho, muuguzi alikumulika kwa tochi, akakupa mafuta ya kupaka kama linawasha, na akiona shida iko ndani alikuandikia barua ya kwenda hospitali kubwa upande wa pili wa mji. Ilibidi upande matatu ya Jogoo Road hadi mjini, ushuke, uvuke katikati ya jiji, upande nyingine. Anayeona alilipa nauli moja. Asiyeona alilipa mbili, kwa sababu hakuweza kwenda bila wa kumshika mkono.

Mimi ndiye niliyekuwa nikishika mkono. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, sina kazi, na msichana asiye na kazi mtaani hutumwa na kila mtu. Nilimpeleka jirani yetu kwanza, halafu dada yangu. Ninaandika habari zao sasa, zaidi ya miaka ishirini na mitano baadaye, kwa sababu bado nasikia watu waliowafahamu wakisema kwamba upofu ndio uliowatoa kazini. Si kweli. Jirani yetu alifukuzwa akiwa bado anaona. Dada yangu alitolewa kwenye kazi ambayo vidole vyake vilikuwa bado vinaijua.

Jirani tulimwita Fundi. Alifanya kazi kwenye karakana moja ya Industrial Area, kwenye mashine ya kukereza vyuma, na kazi yake ilikuwa ya vipimo vidogo sana. Alikuwa na maikromita yake mwenyewe, ameifunga kwa kitambaa cha flana, na akimaliza kukereza chuma alikipitisha ukucha wa kidole gumba kabla ya kukipima. Alisema ukucha hutambua mkwaruzo kabla ya jicho. Jioni, akiketi kwenye veranda, aliweza kumtungia mama uzi kwenye sindano kwa taa ya kibatari umeme ukipotea. Lakini kikombe cha chai ukikiweka pembeni mwake, alikiangusha. Watoto wakipita ubavuni mwake walimgonga, naye akawakemea kwamba wamemvizia.

Hatukujua kwamba hiyo ndiyo presha ya macho yenyewe. Kwa kawaida haiumi, haiwashi, wala jicho haligeuki rangi. Mshipa unaopeleka picha kwenye ubongo huharibika polepole, na mara nyingi kinachotangulia kupotea ni pembeni. Katikati hubaki safi hadi mwisho. Kinachopotea hakirudi. Matone ya dawa, au upasuaji, yanaweza tu kuzuia kilichobaki kisiende. Ndiyo maana mtu anaweza kusoma gazeti la Taifa Leo kuanzia ukurasa wa kwanza hadi wa michezo, kisha atoke nje ajigonge kwenye mlango uliofunguliwa nusu.

Karakanani alianza kugonga toroli. Akamgonga msimamizi. Minong'ono ikaanza kwamba Fundi anakuja kazini akiwa amelewa, yeye ambaye hakuwahi kuonja pombe. Ili kumaliza ubishi wakampeleka kwa daktari wa kampuni, akasimamishwa mbele ya ubao wa herufi ukutani, akaambiwa afunike jicho moja asome. Alisoma mpaka mstari wa chini. Akafunika la pili, akasoma tena. Ubao ule hupima katikati ya jicho tu, mahali ambapo Fundi alikuwa bado mzima. Cheti kikaandikwa kwamba macho yake hayana kasoro, na cheti hicho kikatumika kuthibitisha ulevi. Alifukuzwa mwaka 1996 bila marupurupu.

Baada ya hapo ndipo tulipoanza safari za kliniki. Nakumbuka benchi refu la mbao, na wazee waliokuja kufanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho wakiwa wamefungwa bandeji jicho moja, wakitembea wameshika ukuta. Ugonjwa huo wa mtoto wa jicho ulikuwa, na ungali, chanzo kikubwa zaidi cha upofu nchini, na upasuaji wake humrudishia mtu mwanga. Niliwaona wakicheka bandeji ikitolewa. Fundi hakuwa na bahati ya ugonjwa wa aina hiyo. Daktari alimpima presha, akamwangalia nyuma ya jicho kwa mwanga mkali, akamweleza kwa upole, palepale koridoni, kwamba atatia matone kila siku maisha yake yote. Akamwuliza kama ana ndugu, nao waje wapimwe, kwa kuwa ugonjwa huu hufuata damu. Lilikuwa swali zuri. Swali la anafanya kazi gani halikuulizwa na mtu yeyote.

Ada nazo zilikuwepo. Serikali ilianza kutoza wagonjwa kwenye hospitali zake Desemba 1989, ikasitisha mwaka 1990, kisha ikazirudisha ada hatua kwa hatua. Jina lake lilikuwa kugawana gharama. Mtu aliyefukuzwa kazi alikuwa akigawana kutoka mfuko mtupu, na chupa ndogo ya matone haikumaliza mwezi. Fundi alianza kutia tone jicho moja leo, la pili kesho. Hakuniambia, nilimwona.

Nililotaka sana, na ambalo sikujua wakati huo kwamba linawezekana kudaiwa, ni karatasi moja kutoka kwa daktari yule kwenda kwa mwajiri: mtu huyu si mlevi, anaona mbele lakini haoni pembeni, mwekeni kwenye mashine iliyo ukutani, pakeni rangi njia ya toroli. Angeweza kufanya kazi miaka mingine kadhaa. Fundi alipeleka kadi ya kliniki mwenyewe hadi kwenye geti la karakana. Askari akamjibu kwamba asiye mfanyakazi haingii.

Akarudi kwenye veranda yake, akaanza kutengeneza majiko ya mafuta ya taa. Watu walimletea kutoka mitaa ya Jerusalem, Maringo, hata Uhuru. Alifungua jiko, akapanga sehemu zake juu ya gunia kwa mpangilio usiobadilika, akavuta tambi moja moja kwa koleo ndogo na kuzilinganisha urefu kwa ukucha uleule. Kufikia hapo alikuwa hasomi tena gazeti. Jiko lilipowaka alisogeza kiganja juu yake na kusikiliza, akijua kwa sauti kama moto umekaa sawa. Alilipwa shilingi chache, na alikuwa fundi bora kuliko wengi waliokuwa karakanani. Ninapowasikia watu wakisifu jinsi wasioona wanavyojitegemea kwa kazi za jua kali, humkumbuka yeye, aliyekuwa na ujuzi wa kiwandani na mshahara wake, akanyang'anywa vyote viwili.

Dada yangu alikuwa mpiga chapa katika ofisi moja ndani ya Cooperative House, jirani na ubalozi wa Marekani. Ijumaa ya tarehe 7 Agosti 1998, mwendo wa saa nne na nusu asubuhi, kulisikika mlio wa kwanza, kisha risasi. Watu wa majengo yale walifanya ambacho kila binadamu angefanya: walikimbilia dirishani kuangalia. Sekunde chache baadaye bomu lenyewe, lililolenga ubalozi, likalipuka. Jengo la jirani, Ufundi House, liliporomoka lote. Kwenye majengo yaliyosimama, vioo viliingia ndani kwa kishindo, na vikawakuta wale watu wakiwa wameelekeza nyuso nje. Nairobi ilipoteza watu 213 siku hiyo, na wengine walikufa Dar es Salaam, ambako ubalozi wa Marekani ulilipuliwa karibu saa ileile. Walioumia walikuwa maelfu, na kwa sababu ya yale madirisha, waliojeruhiwa macho walikuwa wengi mno.

Tulimpata dada usiku, wodini katika Hospitali ya Kenyatta, kichwa chote bandeji, amevaa kiatu kimoja. Sitawahi kuacha kuwashukuru madaktari na wauguzi wa siku ile. Walifanya kazi usiku kucha wakitoa vioo kwenye macho ya watu, na nje foleni ya waliokuja kutoa damu haikukatika. Jicho lake la kushoto halikuokoleka. La kulia lilibaki na uwezo wa kutambua mwanga na kivuli tu.

Yeye alipata ambacho Fundi hakukipata. Kwa kuwa jambo lile lilitazamwa na dunia nzima, fedha zilitolewa, na waliopofushwa na bomu wakaingizwa kwenye mpango wa kuwarekebisha. Kenya Society for the Blind, chama kilichoundwa kwa sheria mwaka 1956, kiliwafundisha kutembea na fimbo nyeupe, kusoma Breli, kupika, kutumia kompyuta. Miongoni mwa waliopofuka siku ile alikuwemo Douglas Sidialo, ambaye mwaka 2005 alipanda Mlima Kilimanjaro mpaka kileleni. Dada yangu hakupanda mlima. Alijifunza kupanda matatu peke yake, akihesabu matuta ya Jogoo Road hadi steji yetu, na kwangu hilo nalo ni kubwa.

Kwenye kupiga chapa hakuwa na la kujifunza. Tangu chuoni alikuwa amezoeshwa kuandika bila kutazama vibonye. Tatizo lilikuwa barua za kunakili, maana mabosi waliziandika kwa mkono. Akapendekeza jambo lililokuwa likifanyika maofisini kwingi duniani kwa miaka mingi: bosi aseme kwenye kinasa sauti, yeye avae visikilizio aandike. Niliandamana naye kwenda kulieleza. Tulipokelewa kwa heshima, tukapewa chai, na ofisa akazungumza nami muda wote, akiniuliza kama dada anaweza hiki na kile, naye ameketi pale akisikia. Dada aliomba mashine aonyeshe. Wakasema haina haja, apumzike kwanza. Baadaye ikaja barua ya kumstaafisha kwa sababu za kiafya, imepigwa chapa vizuri na aliyechukua kiti chake.

Wakati ule sheria haikuwa na meno ya kumtetea. Fundi alikuwa akitusimulia kwamba wasioona wa Kenya walianza kudai kazi mapema, na alikuwa na haki kusema hivyo. Chama chao, Kenya Union of the Blind, kilianzishwa mwaka 1959, na mwaka 1964 wanachama wake waliketi barabarani karibu na Ikulu wakitaka kumwona Jomo Kenyatta. Mwaka huohuo iliundwa kamati iliyoongozwa na waziri Ngala Mwendwa kuchunguza malezi na mafunzo ya walemavu, na mwaka 1968 ukatoka waraka wa serikali. Mafunzo yakaja. Lazima kwa mwajiri haikuja. Ilisubiri hadi Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2003, iliyosukumwa kwa muda mrefu na watu kama Josephine Sinyo, wakili asiyeona aliyekuwa mbunge wa kuteuliwa. Humo ndimo ilimoandikwa asilimia tano ya nafasi za kazi kwa watu wenye ulemavu, na katiba ya 2010 ikarudia kiwango hicho kwa vyombo vya umma. Ripoti za serikali yenyewe zimeonyesha mwaka baada ya mwaka kwamba idara nyingi haziifikii.

Hata hivyo dada yangu aliajiriwa kwa nguvu ya sheria hiyo, kwenye simu za idara moja ya serikali. Aliandika orodha ya namba za ndani kwa Breli, na baada ya muda mfupi hakuihitaji. Alitambua wapigaji kwa sauti zao. Amestaafu juzijuzi, kwa umri, kama watu wengine wote, na pensheni yake inaingia.

Fundi alifariki mwaka 2009, bila kusajiliwa popote kama mlemavu. Ili usajiliwe lazima daktari wa hospitali ya serikali akupime na ajaze fomu, na fomu hiyo ndiyo inayofungua kila kitu: kadi ya Baraza la Taifa la Watu Wenye Ulemavu, msamaha wa kodi, madai kazini. Yeye alikaa mbele ya madaktari wa serikali mara nyingi kabla fomu hiyo haijakuwepo, na ilipokuja alikuwa ameshakata tamaa ya kwenda kliniki.

Siku hizi upande wetu wa Eastlands una Mama Lucy Kibaki, hospitali iliyofunguliwa mwaka 2011, na mtu wa Kayole au Umoja hana haja ya kuvuka jiji zima ili kuonana na daktari. Mwaka 2025 sheria mpya ya watu wenye ulemavu ilichukua nafasi ya ile ya 2003. Mimi bado nasindikiza watu, kwa mazoea na kwa mapenzi. Karibuni nilimpeleka kijana wa ploti yetu, makanika wa magari, aliyeanza kugonga vitu kwa bega la kulia. Alipopimwa ikakutwa presha ya macho, ingali changa. Daktari alipomaliza kumwandikia matone nilimwomba karatasi ya pili, ya mwajiri, nikamweleza niitakavyo. Akaniangalia kidogo, akaandika: anachoona, asichoona, kwamba asielekeze magari yanaporudi nyuma, kwamba kwenye meza ya injini hana tatizo, kwamba apewe ruhusa ya kuja kliniki kila baada ya miezi mitatu. Akapiga muhuri. Kijana aliipeleka gereji asubuhi yake, na sasa anafungua injini kwenye meza iliyo ukutani, kwa mshahara uleule.